MKONO KABLA YA KISU NA BAADA YA KISU

(Hotuba hii ilisomwa na dada mmoja mwanachama wetu, mshonaji wa kiwandani, mbele ya mkutano wa tawi. Wengi waliokuwa zamu siku hiyo wameomba ipigwe chapa, nasi twaitoa kama alivyoisoma, pamoja na maswali machache yaliyofuata.)



Ndugu Katibu aliponiambia nije niseme juu ya mikono yangu, nilicheka. Mimi si daktari, wala si mwanasheria. Mimi ni mshonaji wa mifuko ya suruali, na kazi hiyo nimeifanya kwa miaka 11. Lakini mikono yangu yote miwili imepasuliwa, wa kulia kwanza, na wa kushoto mwaka uliofuata. Mara ya kwanza niliharibu karibu kila jambo. Mara ya pili nilikuwa nimepata akili. Habari ya mara hizo mbili ndiyo niliyowaletea leo. Kiwanda nilichokuwa nacho wakati ule sitakitaja jina, wala mnyapara wangu sitamtaja, maana sikuja hapa kugombana na mtu.

Ugonjwa ulianza usiku. Naamka saa nane, mkono wa kulia umekufa ganzi, vidole vinachomachoma kama nimevitia katika kiota cha siafu. Naukung'uta mkono nje ya blanketi mpaka damu irudi, ndivyo nilivyodhani, kisha nalala tena. Mchana sina neno. Baada ya miezi kadhaa ganzi ikaanza kuja hata mchana, nikishika mkasi au nikishika simu. Nikaanza kuangusha vikombe. Mama yangu akasema nimerogwa, jirani akasema ni baridi, na muuza dawa akaniuzia mafuta ya kuchua. Nilichua mwaka mzima.

Daktari alinionyesha kwa kalamu juu ya mkono wangu mwenyewe. Katika kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba. Chini yake na kando yake ni mifupa midogo, na juu yake kuna utepe mgumu uliokaza kama mshipi wa suruali. Katika njia hiyo hupita kano 9 za kukunja vidole, na pamoja nazo mshipa mmoja wa fahamu. Mshipa huo ndio unaohisi kwa niaba ya kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete. Njia ikisongamana, kano hazilalamiki sana, ila mshipa wa fahamu hubanwa, na mbanwa ndiye apigaye kelele. Kwa hiyo tazama kidole chako kidogo cha mwisho. Vidole vingine vikifa ganzi na hicho kikabaki salama, habari hiyo mwambie daktari, maana itamsaidia. Jina la ugonjwa katika karatasi zao ni kapo taneli.

Msidhani ni ugonjwa mpya ulioletwa na simu na kompyuta. Daktari James Paget wa Uingereza aliandika habari za mshipa huo kubanwa baada ya kifundo kuvunjika, na hiyo ilikuwa mwaka 1854. Mwaka 1933 daktari Learmonth aliandika juu ya kuukata ule utepe ili mshipa upate nafasi. Kisha, kuanzia miaka ya 1950, daktari George Phalen wa Marekani akaueneza ujuzi huo, na kipimo chake hutumika hata leo. Unakunja vifundo vyote viwili, migongo ya mikono ikielekeana mbele ya kifua, unangoja dakika 1. Ganzi ikija, ni dalili. Si hukumu, ni dalili tu.

Kazi ya kushika kwa nguvu na kurudia mwendo ule ule siku nzima huongeza hatari, na hali kadhalika mashine zinazotikisa mkono. Lakini ugonjwa wa sukari nao huuleta, na matatizo ya tezi ya shingo, na uja uzito. Kwa hiyo usikubali kupasuliwa mkono kabla hujapimwa sukari. Wala si kila mtu hupasuliwa. Wengi huanza kwa kufungwa banzi usiku, kifundo kikae kimenyoka, kwa wiki kadhaa. Wengine huchomwa sindano ya kutuliza uvimbe. Mimi ningalikwenda mapema labda ningalipona kwa banzi. Nilikwenda nimechelewa.

Lakini yuko aliyechelewa kuliko mimi. Fundi mmoja mzee, mtu hodari, alivumilia ganzi miaka mingi kwa kuogopa kibarua atakayewekwa mahali pake. Alipokwenda hospitali, ile nyama iliyonona chini ya kidole gumba ilikuwa imekwisha kunywea, pamebaki shimo. Alipasuliwa vema. Maumivu ya usiku yalikwisha, naye alishukuru sana kwa hilo. Lakini nguvu ya gumba haikurudi, na hata kufunga kifungo cha shati anamwita mjukuu. Kisu huukata utepe na kuuachilia mshipa. Mshipa ukiwa umekwisha kuharibika sana, hakuna kisu cha kuurudishia uhai. Basi ukiona nyama ya gumba inapungua, usingoje hata mwezi.

Kupasuliwa kwenyewe ndilo jambo dogo kuliko yote. Nilidhani nitalazwa na kufishwa fahamu. La. Walinichoma sindano ya ganzi katika kiganja, wakanifunga mkononi mpira wa kuzuia damu kama ule wa kupimia presha, nikalala nimegeuza uso. Kwa dakika 20 hivi tulizungumza na muuguzi habari za bei ya unga. Kidonda hakikuzidi urefu wa kiungo cha kidole. Saa sita mchana nilikuwa nje mlangoni, mkono umefungwa bendeji nene, namtafuta ndugu wa kunisindikiza, na hakuwako, maana sikumwambia mtu. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Nilipanda matatu peke yangu, na kila mara gari liliporuka juu ya matuta niliushika mkono wangu kama mtoto mchanga.

Sasa, ndugu zangu, nataka tufanye hesabu, na hesabu hii naomba wazee wa kamati waisikie.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyi kazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo ruhusa ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, na baada yake siku 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, mradi alete cheti cha daktari. Jumla siku 14. Nyuzi za mkono hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Yaani siku nyuzi zinapotolewa ndiyo siku mshahara unapokoma. Na mkono je? Madaktari husema kazi nyepesi ya mkono, kama kuandika, mtu aweza kuirudia kati ya wiki 2 na 4, lakini kazi ya kukaza mkono na kubeba huhitaji wiki 6 mpaka 12. Kutoka siku ya 14 mpaka wiki ya 6 ni siku 28. Ni nani atakayelisha nyumba siku hizo 28? Sheria imenyamaza. Mapatano ya chama na mwajiri yaweza kumpa mtu siku zaidi, na mahali pengine yanampa, kwa hiyo kila mmoja wenu asome mapatano ya kiwanda chake kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Mimi sikuyasoma. Siku ya 15 nikarudi kazini. Mnyapara akautazama mkono wangu akasema, nyuzi zimetoka, mkono umepona, nenda kwenye jinzi. Nikaenda. Jinzi mnaijua, ni nguo nzito, wauvuta mzigo, waukaza chini ya sindano, waugeuza. Siku ya 3 kidonda kikafunguka pembeni, siku ya 5 kikatoa usaha. Nilikaa nyumbani wiki 3 nyingine bila senti moja, nikinywa dawa za kuua vijidudu, na mwenye nyumba akipiga hodi. Niliharakisha siku 28 nikapoteza karibu zote, na kidonda juu.

Mara ya pili nilianza miezi 2 kabla ya siku yenyewe. Nilianza kwa karatasi.

Nilimwomba daktari barua mbili. Ya kwanza ilisema nitapasuliwa tarehe fulani na nitahitaji muda kadha wa kadha. Ya pili, aliyoniandikia baada ya kutoa nyuzi, ilisema wazi niweze kufanya nini na nisifanye nini: nisibebe mzigo, nisishike mkasi wa kukata kitambaa kizito, nisifanye kazi ya mashine inayotikisa, mpaka tarehe fulani. Barua inayosema “afanye kazi nyepesi” tu haifai kitu. Mnyapara ndiye atakayeamua wepesi, na kwake kila kitu chepesi. Barua yangu nilipeleka nakala kwa ofisi ya wafanyi kazi, nakala kwa mwakilishi wetu wa chama, na moja nikabaki nayo, na karani nikamwomba apige mhuri wa siku aliyoipokea. Kisha mimi na mwakilishi tukaingia ofisini tukapatana kwamba wiki 4 nitakaa meza ya ukaguzi, kutazama mishono na kubandika vibandiko, kwa mshahara wangu ule ule. Tuliandika, tukatia sahihi. Ilichukua nusu saa. Kumbe mwaka uliotangulia nilikuwa nimekosa kitu cha nusu saa.

Siku zilizobaki nilizifidia kwa likizo yangu ya mwaka, ambayo kwa sheria si chini ya siku 21 za kazi. Jambo hilo silipendi, nasema mbele yenu. Likizo ni ya kupumzika na kwenda nyumbani kuona wazee, si ya kuugua. Lakini nilikuwa na watoto 3, na sikuwa na njia nyingine, nikaitumia. Na hilo ndilo ninalotaka wazee wa kamati walipeleke mezani safari ijayo.

Tena kuna WIBA, ile Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Watu hudhani ni ya vidole vilivyokatwa na msumeno tu. Si hivyo, inahusu pia magonjwa yaliyoletwa na kazi. Ila lazima daktari aseme kwamba kazi ndiyo iliyoleta, nasi hapo ndipo tunaposhindwa, kwa sababu tukiulizwa hospitali unafanya kazi gani, twajibu “kiwandani” basi. Sema yote. Sema unashona mifuko mingapi kwa saa, unakaza wapi, umekaa mashine hiyo miaka mingapi, yaandikwe katika faili. Ukiumia au ukiambiwa ugonjwa ni wa kazi, mpe mwajiri habari mara moja, na kwa maandishi. Mwajiri naye ana siku 7 za kupeleka habari za ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Dai nalo lina miezi 12. Mimi mkono wa kulia ulinipita hivyo hivyo, miezi ilikwisha nikiwa bado nachua mafuta na kungoja.

Juu ya gharama, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua mahali pa NHIF tangu Oktoba 1, 2024, na sisi sote tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Kukatwa si sawa na kupelekewa. Nenda katazame kama michango yako imefika na kama jina lako na nambari yako ya kitambulisho ni sahihi, na uulize hospitali, wiki kadhaa kabla, kitakacholipwa na kitakachobaki juu yako. Usiyaulize hayo umekwisha kuvua nguo.

Nikiacha karatasi nakuja nyumbani, ambako kwa kweli ndiko vita ilikokuwa. Wanaume mtanivumilia, ingawa wengi wenu mnaoishi peke yenu mtaona haya yanawahusu.

Ugali hausongwi kwa mkono mmoja. Mtu husahau jambo hilo mpaka ajaribu. Mkono mmoja hugeuza mwiko, mwingine hushika sufuria isikimbie. Mara ya kwanza niliishika sufuria kwa magoti, na alama ya kuungua ninayo mpaka leo. Mara ya pili nilikuwa nimechemsha maharagwe ya wiki nzima, nimekata sukuma na kuikausha maji, nimenunua mchele na unga wa uji, na mtoto wangu wa miaka 12 nilikwisha kumfundisha ugali mwezi mzima kabla. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Niliuweka kando nikanunua vibweta vya lita 5, tukavijaza vyote usiku wa kuamkia hospitali. Nguo nzito nilizifua kabla, na kwa zile za katikati nilipatana na jirani: yeye anifulie wiki 3, nami nitamshonea sare za watoto wake nikipona. Hakudai senti, na sare nilishona.

Katika chama chetu cha kina mama cha kupeana fedha zamu kwa zamu, niliomba kubadilishana na mwenzangu ili zamu yangu iangukie mwezi ule. Fedha ile ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba. Mwenye nyumba hakupiga hodi.

Kisha kuna mkono uliobaki. Kwa wiki 2 kabla, fundisha mkono utakaobaki kazi za yule atakayelala: kupiga mswaki, kula kwa kijiko, kufungua mlango, kujisafisha chooni. Msicheke, hilo la chooni ndilo lililonitoa machozi mara ya kwanza, maana tangu utotoni kila mkono ulikuwa na kazi yake. Kama simu yako hufunguka kwa alama ya gumba la mkono utakaopasuliwa, iwekee gumba la pili kabla ya siku hiyo. Mimi nilikaa mbele ya duka la M-Pesa siku ya pili, gumba liko ndani ya bendeji, na nambari ya siri ya kufungua simu nimeisahau kwa miaka ya kutoitumia. Nguo za vifungo na zipu weka sandukuni, vaa dera au fulana pana. Pete ivue mapema. Kidole kikivimba pete haitoki ila kwa kukatwa. Kata kucha, futa rangi ya kucha. Na umwambie daktari dawa zote unazokunywa, hasa za kufanya damu isigande, pamoja na aspirini na mitishamba. Usiache dawa wala usiendelee nayo kwa shauri lako mwenyewe.

Baada ya kisu, shauri la kwanza ni kuuinua mkono. Siku 2 au 3 za kwanza ukae juu ya moyo, ukiketi uuweke juu ya mto, ukilala vivyo hivyo. Ukiuning'iniza chini utavimba na kugonga kama ngoma. Shauri la pili ni vidole. Watu huvificha vidole wakidhani wanaulinda mkono, kisha vinakauka kama vijiti. Tangu jioni ile ile vikunje na kuvikunjua polepole, mara 10 hivi, kila saa ukiwa macho. Vidole vichezwe, lakini visibebe. Bendeji isipate maji. Nilipooga nilivalisha mkono mfuko safi wa plastiki na kuuinua juu kama mtu anayeomba kusema katika mkutano.

Na watu watakusalimu! Jumapili ya kwanza mzee mmoja wa kanisa aliukamata mkono wangu akautikisa kwa furaha ya kuniona, nami nikaona nyota mchana. Tangu siku hiyo, nikitoka nje nauning'iniza shingoni kwa leso, si kwa sababu unahitaji, bali ili watu wauone. Ukiwa nyumbani uvue leso, bega lisigande. Katika matatu keti upande ambao mkono mgonjwa utakuwa dirishani, na usikubali kusimama.

Ukiona kidonda chekundu kinachozidi kuwa chekundu, usaha, homa, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, au vidole vyenye baridi na rangi ya samawati, rudi hospitali siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kadi. Bendeji ikibana, sema. Na majivu, asali ya sokoni, na mafuta ya gari yakae mbali na kidonda, hata akisema nani.

Nyuzi zikisha toka na kidonda kikafunga kabisa, chua kovu kwa kidole na mafuta ya kawaida, dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Litakuwa gumu na litauma ukiegemea kiganja, kama unapoinuka kitini. Maumivu hayo chini ya kiganja huweza kukaa miezi 3 au zaidi, na nguvu ya kushika nayo hurudi polepole. Ganzi ya usiku kwangu iliondoka usiku ule ule wa kwanza, nikalala mpaka asubuhi kama mtoto. Lakini ncha za vidole zilichukua miezi, na kidole changu cha kati cha mkono wa kulia mpaka leo hakihisi uzi mwembamba. Nashona kwa macho zaidi kuliko zamani.

Neno langu jingine ni hili. Yako maneno yanayopita kwamba mwenye mkono mgonjwa hufukuzwa tu. Kifungu cha 41 cha ile Sheria ya Ajira kinasema kabla mwajiri hajamwachisha mtu kwa sababu ya mwili kutoiweza kazi, ni lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na huyo mfanyi kazi anayo haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama chumbani, na kusikilizwa. Basi ukiitwa ofisini na mkono wako kwenye leso, usiingie peke yako.

Nimemaliza.

MASWALI

Ndugu mmoja wa stoo aliuliza kama si afadhali mikono yote miwili ipasuliwe siku moja, shida iwe moja. Dada akajibu kwamba wako madaktari wanaofanya hivyo na wako wagonjwa waliotaka hivyo, lakini akamwuliza yule ndugu ni nani atakayemfungia suruali. Mkutano ukacheka. Ndugu akasema atafikiri.

Dada mmoja mja mzito alisema vidole vyake vinakufa ganzi tangu mwezi wa 6 wa mimba. Akajibiwa kwamba ganzi ya mimba mara nyingi hupungua baada ya kuzaa, kwa hiyo aombe banzi kliniki na asikimbilie kisu. Ila akijifungua na ganzi ikabaki, arudi.

Kijana wa sehemu ya kukata aliuliza, “Mnyapara akisema najifanya, nitamwonyesha nini, na ganzi haionekani?” Dada akasema kiko kipimo cha umeme kinachopima mwendo wa habari katika mshipa wa fahamu, hata yeye alipimwa hicho kabla ya mkono wa pili, na matokeo huandikwa kwa nambari. Si kila hospitali inayo mashine hiyo, kwa hiyo aulize kwanza. Wakati wa kungoja aandike katika daftari tarehe za usiku alizoamka na vitu alivyoangusha, ampe daktari.

Mwisho Ndugu Katibu alisema kamati itaweka jambo la siku 14 katika orodha ya mapatano yajayo, na akaomba kila mwanachama aliyepasuliwa mkono au kidole katika miaka 3 iliyopita alete ofisini nakala ya cheti chake cha ruhusa na siku alizokaa bila mshahara, jina likiwa limefunikwa kama akipenda. Ofisi hufunguliwa Jumamosi mpaka saa saba mchana.